Moto Wako Unakwenda Wapi? Vidokezo 14 vya Jikoni na Mwaloni, kutoka Mwandiga

Simama njiapanda ya Mwandiga, mkoani Kigoma, saa tatu asubuhi uangalie kinachopakiwa. Madumu ya mawese yanasubiri gari la Kasulu. Viroba vya dagaa vimepanda kutoka mwalo wa Kibirizi. Boksi la samaki linadondosha maji ya barafu, na bodaboda mmoja amefunga mtungi wa gesi nyuma ya kiti. Karibu kila mzigo pale unabadilika hali ukiwa njiani: mawese yakipata baridi yataganda, barafu inayeyuka, na dagaa bado wana unyevu unaotafuta pa kutokea.

Shuleni tulifundishwa kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Wengi wetu tukishamaliza mtihani tunasahau ile sehemu yenye pesa ndani yake. Kitu kinapotoka hali moja kwenda nyingine hula joto jingi bila chenyewe kuongezeka joto, na kinaporudi hulitema joto lile lile. Chembe za barafu zimeshikana, na ili ziachiane ziwe maji ni lazima zipewe nguvu. Chembe za maji nazo zinavutana, na ili ziachane kabisa ziwe mvuke inatakiwa nguvu kubwa zaidi. Anayejua nguvu hiyo inaingilia wapi na inatokea wapi ataokoa mkaa, samaki, mafuta, na pengine ngozi ya mkono wake.

1. Maji yakishachemka, punguza moto

Maharage yako jikoni, sufuria inatokota, na mtu anaongeza mkaa ili yaive haraka. Hayataiva haraka. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayazidi joto lile hata uyachochee namna gani. Kinachoongezeka ni mvuke.

Hesabu yake ni hii. Kuitoa lita moja ya maji kwenye nyuzi joto 25 hadi ichemke kunahitaji kilojuli 300 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 nyingine, yaani mara saba na zaidi. Sufuria iliyoachwa wazi ikitokota kwa fujo ndiyo inayomaliza gunia la mkaa. Funika, vuta makaa pembeni, acha maji yachezecheze tu. Maharage hayatajua tofauti.

Kwetu huku maji hayafiki hata nyuzi 100. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, mkandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Ukipanda Kasulu zinapungua tena. Kwa hiyo mtu aliyehamia milimani akitokea pwani asishangae maharage yale yale yakichelewa. Yaloweke usiku kucha. Ukiwa na sufuria ya presha ni bora zaidi, kwa sababu inaubana mvuke ndani na maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

2. Maji ya kunywa yakitokota vizuri, yaepue

Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha mwambao karibu na mpaka, kipindupindu kiliwakuta pale. Watu wa mwambao huu hawahitaji kuambiwa mara mbili kwamba maji ya ziwa si ya kunywa hivi hivi. Lakini wapo wanaoyaacha jikoni nusu saa nzima baada ya kuchemka, mkaa ukishakwisha wanakata tamaa, na kesho yake wanakunywa mabichi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yafikishwe kwenye kutokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda sufuria nzima, kisha yaepuliwe na kuachwa yapoe yenyewe. Nyuzi 97 zetu zinatosha kuviua vijidudu vya kipindupindu na kuhara. Usiyapoze kwa kutia barafu ambayo hujui imetokana na maji gani.

3. Sikiliza mawese

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mawese ndiyo mali ya Kigoma, na hatua moja tu huamua kama dumu litadumu miezi au litachacha mapema.

Chikichi huchambuliwa kutoka kwenye mashada, huchemshwa zilainike, kisha hukamuliwa. Kinachotiririka kwenye mashine bado si mafuta. Ni mchanganyiko wa mafuta, maji na makapi laini. Unachemshwa tena, mafuta yanaelea, yanaenguliwa. Na hata hayo yaliyoenguliwa yana maji ndani, matone madogo ambayo jicho haliyaoni. Ndipo yanarudishwa motoni ili maji yatoke.

Simama karibu na pipa wakati huo usikilize. Mafuta yenye maji yana sauti: yanapasukapasuka, yananguruma, povu linapanda ukingoni na kushuka. Kila tone la maji linalogeuka mvuke linabeba joto lake na kuondoka nalo, kwa hiyo pipa zima linabaki karibu na joto la maji yanayochemka, hata moto uwe mkali kiasi gani. Maji ndiyo yanayoyalinda mafuta yasiungue. Kisha sauti inapungua, inakuwa ya hapa na pale, inakoma. Povu linatulia na uso wa mafuta unang'aa. Maana yake maji yamekwisha, na tangu dakika hiyo hakuna tena cha kulila joto. Mafuta yanapanda nyuzi kwa kasi.

Hapo ndipo pa kuondoa moto. Ukiwahi, sauti ikiwa bado ipo, umefungia maji ndani ya dumu. Yatatuama chini, yatayavunja mafuta taratibu na kuyatia uchachu. Ukichelewa, unaunguza ile rangi nyekundu, ambayo ni karotini, asili ya vitamini A. Wakamuaji wazoefu hupima haya kwa sikio, na mimi naona ni ujuzi unaostahili heshima ya kufundishwa rasmi kwa vijana. Tangu mwaka 2018 serikali imelisukuma upya zao la michikichi mkoani hapa, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya aina ya Tenera. Mche mzuri peke yake hautazuia mafuta kuchacha ikiwa hatua ya mwisho imefanywa kwa haraka.

Sheria hiyo hiyo inafika hadi kikaangoni. Samaki mwenye maji akitupwa kwenye mafuta ya moto, tone moja la maji likigeuka mvuke linavimba mara 1,700 hivi na kuyarusha mafuta usoni. Mkaushe kwa kitambaa kwanza. Na kikaango kikishika moto, usimwage maji kamwe. Funika kwa mfuniko, zima jiko, ondoka karibu.

4. Tikisa dumu kabla ya kupima

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya kiangazi ikishuka, mawese kwenye dumu hujigawa. Chini panakaa tope zito la rangi ya njano, juu yanabaki mafuta mekundu mepesi. Wateja wengine hudhani yamechanganywa na kitu, na ugomvi sokoni huanzia hapo.

Hayajachanganywa. Mawese ni mkusanyiko wa mafuta ya aina nyingi, na kila aina ina nyuzi zake za kuganda. Yale mazito hutangulia, mengine hubaki kimiminika hadi baridi kali. Ndiyo sababu mawese hayana nyuzi moja ya kuyeyuka kama barafu. Huanza kulainika mapema na kumalizika kwenye nyuzi 35 hadi 40. Viwanda vikubwa hufanya mgawanyo huu kwa makusudi: sehemu nyepesi inakuwa mafuta ya kupikia, nzito inakwenda kwenye sabuni na siagi ya kiwandani.

Kwa muuzaji wa rejareja maana yake ni moja. Ukipima bila kutikisa, mteja wa kwanza anapata mepesi na wa mwisho anapata tope kwa bei ile ile. Weka dumu juani, au likalishe ndani ya beseni la maji ya moto, tikisa mpaka rangi iwe moja, kisha pima. Usilisogeze dumu la plastiki kwenye moto.

Kuganda huku hakuharibu kitu. Ukiyapasha yanarudi kama yalivyokuwa. Hilo lisichanganywe na sabuni. Mawese yakishakutana na kostiki soda yamekuwa kitu kingine, na hakuna moto utakaoyarudisha dumuni.

5. Anika dagaa kwa kufuata upepo

Dagaa akitoka ziwani, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukianika kilo 40, kilo 30 hivi ni maji yanayotakiwa kupaa, na ukibaki na kilo 11 au 12 za dagaa wakavu ujue kazi imekwenda sawa. Maji hayo hayasubiri kuchemka. Kimiminika hupoteza chembe kutoka usoni mwake kwenye joto lolote, na ziwa lenyewe ni ushahidi: sehemu kubwa ya maji yanayoiacha Tanganyika hayapiti Mto Lukuga kuingia Kongo, bali yanapaa angani.

Jua linasaidia, lakini watu hulipa sifa zote na kuusahau upepo. Chembe zikishatoka kwenye dagaa hutanda juu yake, na zisipoondolewa nyingine hurudi pale pale. Upepo ndio unaozifagia. Kwa hiyo dagaa waliomwagwa mchangani kwa tabaka nene wanakauka juu na kuvunda chini, hata jua liwe la utosi. Kichanja cha wavu kilichoinuliwa kutoka ardhini kinaruhusu hewa ipite pande zote mbili, na mteja wako hatatafuna mchanga. Wamwage kwa tabaka moja. Wageuze. Kichanja kikae mahali penye upepo wa ziwa, kisijifiche nyuma ya ukuta.

Masika ni kisa kingine. Hewa ikiwa imeshajaa mvuke haina pa kupokelea zaidi, na unaweza kuanika kutwa nzima bila mafanikio. Siku kama hizo ni bora kuwapeleka kwenye moshi au chumvi kuliko kusubiri mawingu yaondoke.

Mambo mawili ya jioni. Waanue kabla jua halijazama, maana umande ni mvuke wa hewani uliogusa kitu kilichopoa ukarudi kuwa maji, nao utaanza kuwalowesha upya. Na usiwafunge kwenye kiroba wakiwa bado wana joto la jua. Unyevu uliobaki utaendelea kutoka, utagota kwenye plastiki, utadondoka ndani, na mnunuzi wa Dar es Salaam atafungua kiroba chenye ukungu. Waache kivulini wapoe kwanza.

6. Barafu ya samaki iache iyeyuke

Muuza samaki anaichukia barafu inayoyeyuka kwa sababu anaona pesa inatiririka. Kumbe ni wakati huo ndipo inapofanya kazi. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya kilojuli 334, na hizo zinatoka kwenye mwili wa samaki. Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji ya kilo hiyo hiyo kutoka nyuzi 0 hadi 80.

Kwa hiyo iponde. Bonge kubwa linamgusa samaki sehemu moja; vipande vidogo vinamzunguka. Panga tabaka la barafu, la migebuka, la barafu tena, na boksi liwe na tundu la kutolea maji machafu. Kuwapoza tu kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 27 hadi 0 kunamaliza karibu kilo 3 za barafu, kabla hujahesabu joto la njiani. Ndiyo maana kwenye nchi za joto huelekezwa kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Pumba za mbao zifunike lile bonge ambalo bado hujalitumia, zisiguse samaki.

7. Chupa ya friza isijae, na jina la Mpemba lijulikane

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Vitu vingi hufanya kinyume, husinyaa vikiganda, lakini chembe za maji zikijipanga kuwa barafu huachiana nafasi. Chupa ya plastiki iliyojaa hadi mdomoni itavimba, na chupa ya kioo ya soda itapasuka. Acha nafasi juu.

Na kwa kila mtoto anayeuza barafu za ubuyu baada ya shule: mjue Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walikuwa wakichemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inakwisha, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu darasani akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuwa amekwenda kutoa mhadhara, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar akalifanyia majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuliona. Wengine wanataja maji ya moto kupungua kwa kupaa, au jinsi yanavyozunguka yakipoa. Kwa biashara yako ya kila siku, acha mchanganyiko upoe kwanza, maana sufuria ya moto hulipasha friza zima na kuula umeme wako. Lakini siku ambayo umeme si tatizo, weka vikombe viwili, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, ukaangalie mwenyewe.

8. Friji ipumue

Ndani ya mabomba ya friji kuna kimiminika kinachochemka kwenye baridi kali. Kinapogeuka gesi hunyonya joto la chakula chako. Kikisukumwa nyuma na kubanwa kirudi kuwa kimiminika, hulitema joto hilo. Ndiyo ile sehemu ya nyuma inayounguza mkono. Ukilisukuma friji hadi ukutani, joto halina pa kwenda, mashine inahangaika. Acha upana wa kiganja.

Ukoga mweupe unaoganda ndani ya friza ni mvuke wa hewani uliogeuka barafu bila kupita kwenye maji. Uyeyushe kwa kuzima na kufungua mlango. Usiupasue kwa kisu, kwa sababu ukitoboa bomba gesi yote inaondoka na friji limebaki kabati.

Kama nyumbani hakuna umeme, mtungi wa udongo usiopakwa rangi unafanya kazi hiyo hiyo bila mashine. Maji hupenya vinyweleo vyake, hupaa kutoka ubavuni, na kuchukua joto la maji yaliyobaki. Uweke mlangoni penye upepo. Kipindi cha masika utapoza kidogo tu.

9. Funua mfuniko kwa upande wa pili

Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto yenye nyuzi zile zile. Ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na lile joto lote la kilojuli 2,260 kwa kilo linaanza kutoka papo hapo, juu yako. Inua mfuniko ukianzia upande ulio mbali na uso, na watoto wasikae usawa wa sufuria. Ya presha usiifungue hadi iishe kupumua yenyewe.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoisukuma meli tunayoijua wote. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa upya, ikaingia majini mwaka 1915. Tanuri zake zilichemsha maji, mvuke ukabanwa, ukasukuma pistoni. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa maadui, lakini mafundi waliipaka injini grisi nene kwanza. Grisi haichanganyiki na maji, na haitiririki kama mafuta mepesi. Meli iliinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 ikiwa na injini zile zile za mvuke, na injini za dizeli ziliwekwa miaka ya 1970. Ukihifadhi mashine ya kukamulia msimu mzima, ipake grisi nene vivyo hivyo.

10. Mtungi wa gesi usimame wima

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeanza kuonekana hata kwenye vibanda vya chipsi. Ndani yake kuna kimiminika kilichobanwa. Ukifungua, kinachemka humo humo na kutoa gesi. Lita moja ya kimiminika hutoa karibu lita 250 za gesi.

Mtungi ukilazwa, kimiminika chenyewe kinaweza kuingia kwenye mpira, kivimbe ndani ya jiko, na moto uruke. Hakikisha umesimama wima. Ukiona mtungi umetoa jasho wakati wa mapishi makubwa, usiogope: gesi inapochemka inaupoza mtungi, na mvuke wa hewani unatulia juu yake. Kujua kimebaki kiasi gani, mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja. Penye kimiminika ni baridi, juu yake ni vuguvugu.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kulala pembeni. Ukisikia harufu, usiwashe wala usizime swichi. Funga mtungi, fungua mlango, toka. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni.

11. Petroli ya boti iheshimiwe

Petroli hupaa hata kivulini, na mvuke wake pia ni mzito, hutua chini ya mbao za boti. Dumu lisijae kabisa, maana jua la ziwani litaivimbisha. Jaza tanki nchi kavu, subiri harufu iishe, ndipo uvute kamba ya injini. Sigara ibaki ufukweni.

Wazee wa uvuvi wa taa wanalijua somo hili kutoka kwenye karabai. Ile taa haiunguzi mafuta ya taa yakiwa kimiminika. Kwanza unaipasha kwa spiriti, unapiga pampu, mafuta yanapanda kwenye kijibomba cha moto na kugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka na kuling'arisha soksi. Ukiharakisha kupiga pampu kabla kijibomba hakijapata moto, mafuta mabichi yanatoka na karabai inalipuka moto wa njano. Siku hizi taa za betri zimechukua nafasi, na dagaa wanazifuata vile vile usiku wa giza.

12. Chumvi iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko

Uvinza wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000; wanaakiolojia Sutton na Roberts waliandika habari zake mwaka 1968. Maji yanapaa, chumvi inabaki, kwa sababu yenyewe haigeuki gesi mpaka joto kali sana. Lakini hewa ya masika huirudishia maji, ikawa tope. Ifunike. Na chumvi yenye madini joto iingie chunguni mwishoni, kwani sehemu ya madini hayo hupotea ikikaa kwenye moto na mvuke.

13. Asali iliyoganda usiitupe

Asali ya Kibondo au ya Tabora ikikaa hutoa punje punje, kwa sababu glukosi yake ni nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kuibeba, hivyo inajitenga na kuwa yabisi. Asali safi huganda. Ikalishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, na uwe na subira. Usiichemshe, harufu yake nzuri itaondoka na mvuke.

14. Nguo za mtoto mchanga ziwe mbali na vidonge vya naftalini

Vile vidonge vyeupe vya kabatini haviyeyuki. Vinatoka yabisi kwenda gesi moja kwa moja, ndiyo maana vinapungua bila kuacha hata tone. Karafuu maiti nayo hupotea vivyo hivyo kopo likiachwa wazi.

Gesi ya naftalini hujishika kwenye nguo na blanketi. Kwetu ambako malaria imekaa vizazi na vizazi, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifungwa kwenye nguo zenye gesi hiyo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Nguo zilizotunzwa kwa ajili ya mtoto anayekuja zisikae na vidonge hivyo kabisa. Zilizokwisha kukaa, zifue na uzianike upeponi mpaka harufu iishe yote, kwa sababu harufu ikiwepo gesi ipo. Mtoto akionekana na macho ya njano au mkojo mweusi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na muuguzi aambiwe kuhusu vidonge.